Muhogo si Chakula cha Njaa

Katika nchi yetu yako mazao yanayoheshimiwa wakati wote, na yako yanayokumbukwa pale tu njaa inapobisha hodi. Mahindi, mpunga na ngano yamo katika kundi la kwanza. Bei zake hutangazwa, maghala yake hujengwa, na mavuno yake hutajwa katika hotuba. Muhogo, viazi vitamu, magimbi na viazi vikuu, yaani vyakula vinavyokua na kunenepa chini ya udongo, vimetupwa katika kundi la pili. Mvua ikinyesha vizuri, hakuna anayeviulizia hali. Mvua ikikatika, barua hutoka wilayani kwenda katani, na kutoka katani kwenda kijijini, zikiwahimiza wananchi wapande "mazao yanayostahimili ukame". Mara nyingi barua hizo huwasili wakati ardhi imekwisha kukauka, na pingili za kupanda hazipatikani kwa kuwa hakuna aliyezitunza.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba desturi yetu ya kuuita muhogo "chakula cha njaa" si suala la maneno matupu. Ni kosa la fikra, na kosa hilo lina gharama. Limetufanya tupuuze mbegu, tupuuze ujuzi wa wazee wetu, na mahali pengine limewagharimu watoto miguu yao. Na kwa kuwa fikra za taifa hujengwa zaidi na wale wanaosoma na kusomesha, kosa hili haliwezi kusahihishwa na mkulima peke yake. Litasahihishwa kwanza na mtumishi wa serikali mezani pake na mwalimu darasani mwake.

DHARAU ILIKOTOKA

Wako wanaodhani kwamba muhogo unadharauliwa kwa sababu ni chakula cha kishamba, na mahindi yanaheshimiwa kwa sababu ni chakula cha kistaarabu. Historia haikubaliani nao. Mahindi na muhogo ni ndugu wa safari moja. Yote mawili asili yake ni bara la Amerika, na yote mawili yaliletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16. Muhogo ulipiga hodi mapema katika mlango wa mto Kongo na kupenya bara, na baadaye ukaenea katika pwani na visiwa vyetu. Magimbi na viazi vikuu vilitangulia mbali sana. Vyenyewe vilitoka Asia na kuvuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya merikebu za Wareno. Kwa hiyo, kama ni ugeni, mahindi ni mgeni kuliko gimbi. Na kama ni asili, hindi na muhogo hazina la kuchekana.

Tofauti ya heshima ililetwa na utawala wa kikoloni. Mahindi yalimfaa mwenye shamba la mkonge na mwenye mgodi. Yalipimika, yalifungwa katika magunia, yalisafirishwa kwa reli na kugawiwa vibarua kama posho. Yakawa bidhaa yenye bei. Muhogo haukumfaa tajiri huyo, ila ulimfaa Bwana Shauri aliyeogopa kulisha watu wakati wa ukame. Basi ukawekewa sheria ndogo ndogo: kila kaya ilime kipande cha muhogo kama akiba ya njaa, na asiyelima atozwe faini. Hivyo mwananchi aliyajua mahindi kama kitu cha kuuza, na akaujua muhogo kama amri. Binadamu huichukia hata asali akilambishwa kwa kiboko.

Baada ya Uhuru tulirithi ofisi, na pamoja na ofisi tukarithi mtazamo. Mwaka 1972 Iringa ilitoa tamko la "Siasa ni Kilimo". Ukame wa 1973 na 1974 ulipotubana, likaja tangazo la "Kilimo cha Kufa na Kupona". Nia ilikuwa njema, na watu walihamasika. Hata hivyo katika wilaya kadhaa muhogo uliendelea kuagizwa kwa sheria ya ekari na faini, ile ile ya zamani, huku fikra za upangaji, usagaji na usambazaji zikielekezwa katika nafaka. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, watu wa mijini walikuwa wakipanga foleni kusubiri unga wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo, ule waliouita kwa utani "yanga". Ni wachache waliojiuliza kwa nini nchi inayoota muhogo kutoka Ukerewe hadi Newala ingojee meli ya mahindi.

GHALA LISILO NA KUFULI

Hebu tuutazame mmea wenyewe. Mahindi yamepewa na maumbile miezi mitatu hadi minne ya kumaliza kazi yake yote. Mvua ikikosekana katika yale majuma machache yanapotoa mbelewele na ndevu, hakuna la kuokoa; mkulima hubaki na mabua ya kulishia ng'ombe. Muhogo hauna siku moja ya hukumu namna hiyo. Jua likizidi hupukutisha majani, hupunguza mahitaji yake, na kusubiri. Mvua ikirudi huchipua tena na kuendelea pale ulipoishia. Huota katika udongo uliochoka, ambao mahindi hayatoi hata gunzi la kujivunia.

Ukisha kukomaa, kwa aina nyingi baada ya miezi tisa hadi 12, haulazimishi kuvunwa siku hiyo wala mwezi huo. Hubaki ardhini miezi mingi zaidi, na mama mwenye nyumba akachimba mashina mawili leo na matatu kesho kutwa, kwa kadiri ya vinywa alivyonavyo. Hilo ni ghala lisilo na kufuli wala mlinzi, lisiloezekwa kwa bati wala kupuliziwa dawa ya dumuzi. Wahenga waliposema akiba haiozi, huenda walikuwa wakilitazama shamba la namna hiyo.

Lakini ghala hili nalo lina sharti lake. Muhogo ukisha kung'olewa huanza kuharibika katika siku mbili au tatu. Nyama yake nyeupe huingia mistari ya buluu na nyeusi, na mnunuzi huukimbia. Kwa hiyo anayekaa mbali na barabara hana budi kuugeuza kabla haujamgeuka. Hapo ndipo tunapoona akili ya wananchi wetu. Watu wa Kusini na Pwani hukausha makopa. Wa pande za Ziwa na Kigoma hutengeneza udaga kwa kuuvundika na kuuanika. Wasukuma, kwa upande wa viazi vitamu, hukata vipande vibichi na kuanika wakapata michembe, au huchemsha kwanza, wakakata na kuanika, wakapata matobolwa ambayo hutafunwa miezi mingi baada ya mavuno. Huu wote ni ufundi wa kuhifadhi chakula pasipo jokofu wala umeme. Ni nadra kuukuta katika vitabu vya shule, na ni nadra zaidi kuukuta ukitajwa kwa heshima.

Jambo jingine ni hesabu. Gunia la mahindi huhesabika. Shamba la muhogo linalochimbwa kidogo kidogo kwa mwaka na nusu halina siku ya mavuno ambayo afisa anaweza kwenda na kalamu yake. Basi hukadiriwa. Na katika utumishi tunajua sote kwamba kitu kinachokadiriwa kwa macho huchelewa kupata fungu lake katika bajeti.

JANI ZURI, MZIZI MBOVU

Hatari ya kukadiria kwa macho ni kubwa zaidi inapohusu afya ya zao. Muhogo wetu una maadui wawili wakuu: batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili ni magonjwa ya virusi. Huenezwa na inzi weupe, na zaidi ya inzi huenezwa na sisi wenyewe tunapobeba pingili zenye ugonjwa kutoka shamba moja hadi jingine. Batobato huonekana, kwani hukunja majani na kuyatia mabaka. Michirizi ya kahawia ni ya hila. Majani huweza kuwa na manjano hafifu tu, shina likasimama vema, na mkulima akaujua msiba wake siku ya kung'oa, akutapo mzizi umejaa sehemu kavu za kahawia zilizooza. Afisa aliyepita barabarani ndani ya gari akaandika kwamba muhogo wa tarafa hiyo "unaendelea vizuri" hakusema uongo. Alisoma majani, hakusoma mizizi.

Yafaa kila mwalimu ajue kwamba ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey aliuandika akiwa katika kituo cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, kituo ambacho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Yeye na wenzake walianza kutafuta aina za muhogo zinazoweza kustahimili. Walipoona aina za kawaida hazitoshi, waliuchavusha muhogo kwa jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, kisha wakaendelea kurudishia chavua ya muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mmea wenye mizizi ya kuliwa na wenye ugumu wa mwitu. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1957, ikafungwa.

Lakini mbegu za Amani zilikuwa zimekwisha kusafiri. Baadhi zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ulipatikana mche uliopewa namba 58308. Taasisi ya utafiti ya IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, iliutumia mche huo kama chanzo cha ukinzani dhidi ya batobato, na katika miaka ya 1970 ikatoa aina zilizoenea barani, mojawapo ikiitwa TMS 30572. Nigeria sasa ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa mavuno ya muhogo. Huvuna zaidi ya tani milioni 50 kwa mwaka. Tena, batobato kali ilipofyeka mashamba ya Uganda katika miaka ya mwanzo ya 1990, na wakulima waliotegemea mno aina moja iliyoitwa Ebwanateraka wakabaki mikono mitupu, mojawapo ya aina zilizotumiwa kuwaokoa ilikuwa hiyo hiyo TMS 30572, ambayo huko ilipewa jina la Migyera. Damu ya Usambara ilizunguka hadi Afrika Magharibi, ikarudi ziwani kama mgeni.

Na hapa nyumbani? Mmea mmoja wa Amani, ulioandikwa namba 46106/27, ulibaki mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga. Waliutunza kwa miongo ya miaka, pingili kwa pingili, bila ruzuku na bila kuijua namba yake. Watafiti wa miaka ya karibuni walipochunguza vinasaba, walikuta kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja, na leo mmea huo ni mzazi anayetegemewa katika kutafuta aina zinazostahimili michirizi ya kahawia. Kazi hiyo ni ya haraka, kwa sababu ugonjwa ambao zamani ulidhaniwa kuwa wa nyanda za chini za pwani ulionekana Uganda mwaka 2004, na baadaye ukaenea katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria. Kama bibi mmoja wa Kusini angeamini kwamba muhogo ni takataka ya kutupwa mvua ikirudi, watafiti wetu wangeanzia wapi?

MIGUU YA WATOTO

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Upo ugonjwa uitwao konzo. Ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango nchini Kongo, na jina lake katika lugha ya Wayaka linahusu miguu iliyofungwa. Mtu mzima wa afya, au mtoto aliyekuwa akicheza jana, huamka miguu imekakamaa, na tangu siku hiyo hatembei tena sawasawa. Hauzidi, lakini hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Chanzo chake kinajulikana. Muhogo mchungu una kemikali ya linamarini, ambayo mzizi ukivunjwa au kukwanguliwa hutoa sianidi, nayo ni sumu. Mkulima hapandi muhogo mchungu kwa ujinga. Huupanda kwa kuwa nguruwe, nyani na wezi huukwepa. Tena anajua dawa yake, yaani kuumenya, kuuloweka siku tatu au zaidi hadi ulainike na kuchacha, kisha kuuanika vema juani. Mwili nao una uwezo wa kuondoa sumu kidogo iliyobaki, lakini kwa kazi hiyo hutumia salfa inayotokana na protini. Asiyeonja maharage, dagaa wala nyama kwa majuma mengi hukosa silaha hiyo. Basi panapokutana mambo mawili, muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka na ukosefu wa kitoweo, konzo huingia mlangoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako ukame uliacha zaidi ya watu 1,000 wakiwa wamelemaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, na baadaye katika sehemu za mkoa wa Mtwara. Watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walikuta maelezo yaliyofanana: watu walikuwa na shida, siku za kuvundika zikafupishwa, na muhogo ukaliwa karibu mtupu.

Hapa ndipo jina la "chakula cha njaa" linapokuwa jambo la hatari. Zao linaloheshimiwa huandamana na ujuzi wake. Mama humfundisha binti, mwalimu humsaidia mama, bwana shamba huongezea la kitaalamu. Zao linaloitwa tu wakati wa dhiki huitwa bila ujuzi wake. Hufika jikoni kwa mtu asiyelizoea, katika mwezi ambao hana subira wala maharage, na hakuna aliyemwambia kwamba zile siku tatu za kuloweka hazikuwa ushirikina wa bibi bali ndizo zilizolinda miguu ya ukoo mzima.

Tena elimu yenyewe si ya gharama. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia ambayo imetumiwa vijijini Msumbiji, Tanzania na Kongo. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole, na kuachwa juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano ili sumu itoke hewani. Kisha unga huo husongwa ugali siku hiyo hiyo. Kinachohitajika ni beseni, mkeka na mtu wa kueleza. Je, mtu huyo wa kueleza ni nani kijijini, kama si mwalimu, muuguzi na bwana shamba?

HOJA ZA WANAOPINGA

Wasomi wetu wanazo hoja zao, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba muhogo hauna lishe. Ni kweli kwamba protini ya mzizi ni kidogo sana, haifiki hata nusu ya ile ya mahindi. Lakini nani alisema uliwe mtupu? Hata ugali wa sembe hatuuli na chumvi. Mmea huo huo unaotoa mzizi hutoa kisamvu, ambacho kina protini na madini, na kikitwangwa na kuchemshwa vizuri huwa kitoweo cha heshima kuanzia Tanga hadi Lubumbashi. Dagaa na kunde ziko. Ama viazi vitamu, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina lishe inayompa mtoto vitamini A ya kulinda macho yake. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watafiti wanne kwa kazi ya kurutubisha mazao, na watatu kati yao waliipata kwa ajili ya viazi hivyo. Mmojawapo ni Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu. Mtoto wa Afrika Mashariki amepewa tuzo ya dunia kwa ajili ya kiazi. Sisi bado tunaona aibu kukiweka mezani mbele ya mgeni.

Hoja ya pili ni kwamba muhogo huchosha ardhi. Mara nyingi huo ni uonevu. Muhogo hupelekwa katika shamba lililokwisha kuchoshwa na mahindi na pamba, na kwa kuwa wenyewe huota pale, hushtakiwa kwa kosa la waliotangulia. Hapana shaka zao lolote linalovunwa mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa ardhi kitu huidhoofisha. Dawa yake ni samadi, kunde na mzunguko wa mazao, si dharau.

Hoja ya tatu ni kwamba watu hawautaki. Aliyesema hivyo na apite katika lango la shule yoyote wakati wa mapumziko, aone foleni ya wanafunzi, na walimu miongoni mwao, mbele ya sufuria ya muhogo wa kukaanga wenye kachumbari na pilipili. Na aende ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam jioni. Na akaribie futari ya Unguja au Mombasa mwezi wa Ramadhani, aone kama kiazi kikuu, gimbi na muhogo wa nazi ni vyakula vya mtu aliyekosa chaguo. Watu wanautaka. Wanachoona haya ni kuutaja katika fomu na mikutano.

WAJIBU WA OFISI NA WA DARASA

Tufanye nini basi? Kwanza, ofisi zetu ziache lugha ya dharura. Mpango wa muhogo uandikwe mwaka wa neema, si mwaka wa ukame, maana pingili haziwezi kuzaliwa kwa waraka. Kata ikiwa na shamba dogo la pingili safi, zilizokaguliwa na kutoka katika vituo vyetu vya utafiti kama Naliendele, Kibaha na Ukiriguru, hapo tutakuwa tumejiandaa. Na afisa anapokagua, ashuke garini, aombe jembe, achimbe mashina machache katika kila shamba na kuyakata mizizi. Taarifa ya muhogo isiyokuwa na udongo kwenye kucha za mwandishi wake ni ya kutiliwa shaka.

Pili, mashine ndogo za kukwangua na kukamua muhogo, na vichanja vya kuanikia, vihesabiwe kuwa ni mali ya lazima kijijini kama ilivyo mashine ya kusaga. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka nje, na vita vya Ukraine vilivyoanza mwaka 2022 vilitukumbusha bei ya utegemezi huo. Unga mzuri wa muhogo waweza kuchanganywa na wa ngano katika maandazi, chapati na biskuti. Mwokaji yu tayari, ilimradi apate unga safi wa aina ile ile kila juma.

Tatu, na hili ni la walimu, shamba la shule lisiwe mahali pa adhabu. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, haikukusudia kwamba jembe liwe ndugu wa fimbo. Mtoto anayepelekwa kulima matuta ya viazi kwa sababu amechelewa kufika shuleni hujifunza somo moja tu, kwamba viazi ni malipo ya makosa. Bali afundishwe kutofautisha jani la batobato na jani zima, kuchagua pingili, kuchimba mzizi na kuukata kuona michirizi, kuloweka na kuanika. Mwalimu wa sayansi ana sianidi na uchachushaji. Mwalimu wa historia ana safari ya muhogo kutoka Amerika na ya mbegu za Amani hadi Ibadan. Mwalimu wa jiografia ana mvua na udongo. Mwalimu wa Kiswahili ana makopa, udaga, michembe na matobolwa, maneno ambayo yatakufa siku vitu vyenyewe vitakapokufa.

Nne, tuanze na meza zetu. Katika semina na mikutano yetu, chai ya saa nne yaweza kuandamana na gimbi, kiazi au muhogo wa kuchemsha, na siku hizi ofisi chache zimeanza kufanya hivyo. Si jambo dogo. Mwananchi hutazama kiongozi anachokula kuliko anachosema.

Majira ya mvua hayatabiriki tena kama zamani, na hakuna dalili kwamba yatatuhurumia. Mwaka mbaya utakuja. Utakapokuja, mkoa mmoja utakuwa na chakula chini ya miguu yake na watu wanaojua kukitengeneza. Mwingine utakuwa na barua za kuhimiza. Tofauti kati ya mikoa hiyo miwili itakuwa imefanywa sasa, wakati mvua ingali ikinyesha, na watu ambao leo wameshika kalamu na chaki. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni huu, umekunjwa chini ya udongo. Tuufunue kabla hatujahitaji kuulalia.